Mama Mugenzi abomoa ukuta wake ili watoto wauone mto

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala bondeni chini ya Rwezamenyo, mtaa wa Kigali, na Béatha Mukantwari amepiga magoti mbele ya ukuta wa mawe. Anaweka tindo kwenye kiungo cha saruji, anainua nyundo, anapiga. Jiwe halitikisiki. Anapiga tena, na tena, kisha anatulia kidogo akiwa ameshika kiuno. Pigo la nne linalegeza jiwe na kuliangusha kwenye majani.

"Hili nililiweka vizuri," anasema, akilitazama kama mzazi anavyomtazama mtoto mkaidi. "Ndiyo adhabu ya kuijua kazi."

Ukuta anaoubomoa ni wake. Aliujenga mwezi wa pili mwaka huu, jiwe kwa jiwe, urefu wa mita kumi na nane na kimo cha mita moja na sentimita ishirini. Hakuna aliyemlazimisha kuujenga, na hakuna aliyemlazimisha kuubomoa. Kwa kazi hii ya kubomoa halipwi hata faranga moja.

Nyuma ya ukuta unapita mto ambao wenyeji wanauita Kagezi. Kiangazi kama hiki, mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuuvuka bila kulowesha kaptura. Masika ni habari nyingine.

Upande wa huku wa ukuta kuna bembea za matairi, mteremko wa kutelezea uliosawazishwa kwa udongo mwekundu, benchi tatu za mawe, na sakafu tatu za saruji zilizobaki za nyumba ambazo hazipo tena. Hapa ndipo mahali pa michezo ya watoto na mapumziko ya wazazi wao, mahali ambapo Béatha alipasanifu kwa kamba na majivu. Ni pazuri kweli. Shida ni kwamba tangu Aprili hakuna mtoto aliyekanyaga hapa.

Na muda hausubiri. Kiongozi wa mudugudu, yaani serikali ya mtaa, Révérien Nsengiyumva, amesema wazi kwamba kama hadi umuganda wa Juni familia zitakuwa bado hazishuki, eneo lote litazungushiwa senyenge na kupandwa miti, kama sehemu nyingine za bonde. Umuganda ni ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ambapo mtaa mzima hutoka na majembe kufanya kazi ya pamoja. Leo ni tarehe tisa. Mizingo miwili ya senyenge imeshafika ofisini kwake, imeegemezwa ukutani nyuma ya mlango.

"Bon, mimi siko na roho mbaya," anasema Révérien, mzee mwembamba ambaye kila mtu anamwita Mudugudu kana kwamba ndilo jina alilobatizwa. "Lakini sehemu ya watoto bila watoto, hiyo ni nini? Itakuwa ya walevi. Tunafunga, tunapanda miti, basi. Ni usalama."

Béatha akisikia neno hilo, usalama, anacheka kwa uchovu. Ndilo neno lililomjengea ukuta.

Ana umri wa miaka hamsini na mmoja. Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi Wanyarwanda waliokuwa wakimbizi, na ndiyo maana Kiswahili chake hakikwami popote. Baba yake alikuwa mwashi. Mungu alimpa mabinti watano na hakuna mvulana, na Béatha alikuwa wa kwanza.

"Kamba ya fundi ina ncha mbili," anaeleza. "Baba alishika moja, nyingine akamtafuta nani? Mimi. Na mpira wa maji vilevile."

Mpira wa maji ni bomba laini linaloonyesha ndani, urefu wa mita ishirini na tano, analolibeba mpaka leo likiwa limezungushwa begani. Unalijaza maji, mmoja anashika ncha hii na mwenzake ncha ile, na maji yakitulia yanasimama kimo kimoja pande zote mbili, hata kama kati yenu kuna kichuguu. Baba yake alikuwa akisema fundi anaweza kudanganya na kamba pia inaweza, lakini maji hayana sababu ya kudanganya.

Alifika Kigali mwaka 1996. Kwenye jengo la kwanza walimpa karai na ndoo, akawa yede, yaani saidia fundi, kwa miaka minne. Kila akisema anajua kujenga walimcheka. Siku moja fundi mmoja akaugua malaria, mwiko wake ukabaki umechomekwa kwenye saruji inayokauka, na Béatha akauchukua bila kuomba ruhusa. Hakuurudisha.

Leo analipwa faranga elfu saba kwa siku. Siku zenyewe kwa mwezi hazizidi kumi na mbili, na mwezi wa mvua ni chini ya hapo. Saruji imemla ncha za vidole mpaka mashine za kusajili laini ya simu hazimtambui. "Mtoto wa dukani aliniambia, mama, wewe huna alama. Nikamwambia nenda kazione kwenye kuta za Kigali."

Alama hizo ni kuta za kuzuia maji. Kwa zaidi ya miaka ishirini hiyo ndiyo imekuwa kazi yake: mifereji, kingo za makorongo, kuta za kushikilia udongo usimiminike juu ya nyumba za watu. Ukimwonyesha maji, anasema, mkono wake unatafuta jiwe wenyewe.

Bonde hili analijua kuliko mifereji yote hiyo kwa sababu aliishi humu. Zamani palikuwa na nyumba zaidi ya arobaini zilizobanana kandokando ya Kagezi, na zote ziliupa mto mgongo. Mbele palikuwa na kichochoro na milango. Nyuma palikuwa na vyoo, uzio wa mabati na takataka, na nyuma ya mabati ndipo mto ulipo. Watu waliishi hatua kumi kutoka majini na wiki ikaisha hawajayaona.

Jirani yake wa mlango kwa mlango alikuwa Yasmina, fundi cherehani aliyekuwa akishonea Biryogo, mtaa wa juu ya bonde. Kama ilivyo desturi ya mtaa, mwanamke akishazaa anaitwa kwa mtoto wake wa kwanza. Béatha alikuwa Mama Mugenzi, na bado ndiye. Yasmina alikuwa Mama Kaliza.

Alasiri moja ya Aprili, miaka saba iliyopita, mvua ilinyesha milimani kwa saa mbili. Bondeni ilikuwa manyunyu tu. Watu waliusikia mto ukinguruma nyuma ya mabati, lakini mto ule ulikuwa na desturi ya kunguruma, na hakuna aliyekwenda kuchungulia. Mabati yalipoanguka, maji yaliingia nyumba zote kwa pamoja.

Kaliza alikuwa na miaka sita. Walimkuta kesho yake, mbali, upande wa Nyabugogo.

Baada ya hapo bonde lilitangazwa kuwa eneo la hatari, amanegeka kama wanavyosema wenyewe, na nyumba zikaondolewa. Béatha alihamia Masaka, ambako ana kiwanja kidogo, maharage kidogo, na safari ndefu. Asubuhi anapanda pikipiki mpaka barabara kuu, basi mpaka mjini, basi jingine mpaka Nyamirambo, kisha anashuka kwa miguu. Jioni anaanza upya kwa kupanda. "Nikifika nyumbani sili," anasema. "Ninakaa kwanza nikitazama chakula."

Yasmina alipanda Biryogo, akapanga chumba karibu na kibaraza anachoshonea. Kwa muda mrefu watu walikwepa kumwita. Ungemwitaje? Wengine walirudi kwenye Yasmina, wengine wakasema dada, na walio wengi walikohoa tu. Alipozaliwa Kirezi, ambaye sasa ana miaka mitano, mtaa ulishusha pumzi. Akawa Mama Kirezi, na jina la kwanza likazikwa pamoja na mwenyewe.

Familia zilizobaki juu ya mteremko nazo ziliinua mabati yao zaidi. Watoto waliambiwa wasikaribie mtoni. Kwa miaka saba kimekua kizazi kinachoufahamu mto kwa masikio tu.

Januari mwaka huu, baada ya umuganda, Révérien aliwauliza watu wafanye nini na kipande kile kilichokaa wazi. Mmoja alitaka maegesho, mwingine mahali pa kuoshea pikipiki. Béatha alikuwepo kwa bahati, alikuja kumsaidia shangazi yake kupalilia. Akasema watoto wa juu kule wanachezea barabarani, magari yanapita, na huku chini kuna majani na maji bure.

"Walinitazama kama nimetukana," anakumbuka.

Lakini hakuna aliyekuja na wazo bora, na hakuna mhandisi aliyejitokeza. Wakampa. Yeye hajui kuchora kwenye karatasi. Aliomba majivu kwenye majiko ya mtaa, ndoo tatu, akawaita mama na watoto, akaanza kuchora ardhini. Watoto walitaka kugusa maji, na mama zao hawakutaka kusikia habari hiyo. Mchana kutwa Béatha alimwaga majivu, akafuta kwa mguu, akamwaga tena.

Zile sakafu tatu ndizo zilizowalegeza. Révérien alitaka zing'olewe, Béatha akakataa. Mwanamke mmoja alisimama juu ya moja akasema, "Hapa palikuwa sebule yetu," na kabla hajamaliza wanawe walikuwa wameshaanza kurukaruka wakichora vyumba vya kuchezea kwa mkaa. Mpaka jioni wote walikuwa wamekubaliana: ngazi saba pana za mawe, za kukaa na za kushukia, mpaka kwenye maji.

Na ngazi zitakuwa na rangi. Maji yakiwa kwenye mawe ya kijani, cheza. Yakigusa ya njano, panda juu. Jiwe jekundu likae pale ambapo maji yalifika siku ile ya Aprili, ili kila mtoto ajue kwamba akivuka jiwe hilo amepona.

Wazo lilikuwa zuri, ila lilikuwa na mwiba ndani. Nyumba zilishaondoka na alama zake za matope. Siku ile Béatha alikuwa kazini Kicukiro. Wengine walikimbilia juu; mtu aliyebaki amesimama ndani ya maji yale mpaka akajua yalimfika wapi alikuwa mmoja tu, Yasmina.

"Nilikwenda Biryogo kumuuliza," anasema. "Mara ya kwanza nikampelekea ovaroli anishonee. Mara ya pili nikampelekea maharage. Mara zote mbili nilikaa, nikanywa chai, nikarudi. Utamuulizaje mtu swali kama hilo?"

Februari alipoanza kujenga, mguu ukakataa kushuka kwenye ngazi ambazo zilikuwa bado majivu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akatazama mto, akamfikiria Yasmina, na mkono ukatafuta jiwe. Ulipofika mwisho wa mwezi alikuwa na ukuta.

Hakuna aliyelalamika. Béatha alisema ni usalama, na Révérien akampongeza mbele ya watu.

Machi watoto walikuja, wakajaa. Bembea hazikupumzika. Mama walikaa kwenye benchi, wakatazama watoto, na nyuma ya watoto wakatazama ukuta. Kisha ikaja Jumamosi moja ya Aprili. Mvua ilinyesha milimani, na nyuma ya ukuta kitu kikaanza kunguruma.

Hakuna aliyeuliza. Mama mmoja alimnyakua mtoto wake, wa pili akamnyakua wa mwenzake, na kwa dakika moja mahali pote palikuwa patupu, kandambili zimetapakaa. Béatha alikuwepo akipaka chokaa benchi. Aliacha brashi, akakimbia nao, akawapita wengine kwa goti lake bovu.

"Nilipofika juu nikageuka," anasema. "Maji yalikuwa yamefika gotini. Gotini tu! Lakini kutoka chini nani angejua? Nilikimbia ukuta wangu mwenyewe."

Tangu siku hiyo hawakurudi.

Habari zilifika Biryogo kabla yake. Mwishoni mwa Mei alipokwenda na ovaroli iliyopasuka tena goti, Yasmina alimaliza kwanza kushona mkunjo, akakata uzi kwa meno, halafu akasema bila kuinua uso, "Nasikia siku hizi Mama Mugenzi iko nakimbia kuliko pikipiki."

Walicheka wote wawili. Kisha Yasmina akaacha kucheka.

"Huo ukuta iko naficha nini?" aliuliza.

Béatha alimjibu ukweli. Alimwambia ameujenga kwa ajili yake, ili siku akiamua kushuka asiyaone yale maji.

"Mimi?" Yasmina alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Wallahi, hukuniuliza. Maji mimi nataka kuona. Ile siku tulisikia, hatukuona. Choo, mabati, ndiyo tuliona. Ningeona maji iko napanda, ningemtoa Kaliza mapema. Sasa na wewe umerudisha mabati, tena ya mawe."

Béatha alilipia goti la ovaroli, akapanda mabasi yake mawili na pikipiki, na usiku ule, anakiri, alilia. Siku chache baadaye alikuja na nyundo.

Ndivyo ilivyo leo, tarehe tisa Juni. Bandu bandu huisha gogo, lakini gogo halikujengwa na fundi hodari. Kufikia adhuhuri ametoa mita moja na nusu. Anakunywa uji kwenye chupa ya plastiki, anajinyoosha chali juu ya majani na kufunga macho. "Nimechoka," anasema.

Siku ya tatu mwanamke kutoka mteremkoni anashuka na sululu bila kuitwa. Siku ya tano wako wanne. Mawe yanayotoka ukutani hayaendi mbali. Yanapinduliwa, yanasafishwa, yanalazwa kuwa ngazi.

Jumapili ya tarehe ishirini na mbili, mahali pamebadilika. Ukuta haupo, na kwa mara ya kwanza mtu akikaa kwenye benchi anauona Kagezi wote, kuanzia kwenye kona ya juu mpaka kwenye daraja. Ngazi saba zimeshuka mpaka kwenye maji. Tatu za chini zina mawe ya kijani, mbili za katikati zina ya njano. Jiwe jekundu limewekwa pembeni juu ya gunia. Béatha amepanga kulijenga kwenye ngazi ya saba, ya juu kabisa, kwa kukisia.

Saa nne hivi anatokea mwanamke mwenye mtandio wa kijivu kwenye njia ya juu. Amemshika mtoto wa kike, na amemshika kifundo cha mkono, maana haamini kiganja. Wanawake wanaochanganya saruji wanaweka majembe chini mmoja baada ya mwingine.

Yasmina hatazami mto. Anakwenda moja kwa moja kwenye sakafu ya pili, ile ambayo rangi yake nyekundu ya kung'arishwa bado inaonekana pembeni. Anasimama ukingoni, mahali fulani anapopajua, anavua viatu, na kumvua Kirezi vyake. Ndipo anaingia.

Béatha yuko juu ya sakafu hiyohiyo na mabuti yenye matope. Anajitazama miguu, anashuka haraka, anaketi chini kufungua kamba za mabuti. Anarudi peku.

"Karibu," anasema Yasmina, na sauti yake ni ya mwenye nyumba.

Béatha anauliza swali alilolibeba tangu Januari. "Yalifika wapi?"

Yasmina anaweka vidole viwili kooni. "Hapa. Nilishika nondo ya dirisha na huu mkono." Anautazama ule mwingine, ambao sasa umeshika kifundo cha Kirezi. "Huu ulikuwa na yeye."

Béatha anashusha mpira wa maji begani, anampa ncha moja na kumwonyesha namna ya kuishika, wima, kando ya koo. Ncha nyingine anaibeba mwenyewe mpaka kwenye ngazi ya saba. Anainyanyua. Maji ndani ya mpira yanapanda, yanashuka, yanatulia. Yametulia kwenye koo lake yeye pia.

Anabaki hivyo kwa muda, fundi wa miaka hamsini na mmoja akiwa na maji shingoni mahali pakavu. Ukuta wake ungefika kifuani. Siku kama ile maji yangeupita, na watoto wangekuwa nyuma yake wakisikiliza.

"Siyo hapa," anasema.

Anaanza kurudi nyuma na mpira wake, akipita bembea, akipita benchi zote tatu, akipanda njia ya mteremko inayokwenda majumbani. Kadiri ardhi inavyopanda ndivyo ncha inavyoshuka: kifuani, kiunoni, gotini. Bomba linakaribia kukaza. Huko chini ncha ya pili inacheza.

"Usitikisike, Mama Kaliza!" anapaza sauti.

Kisha anasikia alichokisema. Wote wamesikia. Mwanamke mmoja anajishika mdomo. Miaka saba hakuna aliyelitamka jina hilo mbele ya mwenyewe, na sasa limepigiwa kelele bonde zima.

Yasmina hajasogea. Machozi yanamtiririka na hayafuti, maana mikono yote ina kazi.

"Sitikisiki, Mama Mugenzi," anajibu. "Pima."

Béatha anainama mpaka ncha ya mpira inagusa ardhi na maji yanasimama palepale. Anachomeka msumari. Ni kwenye njia ya kuingilia, hatua thelathini na moja kutoka mtoni, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kupafikiria. Kila atakayeshuka kucheza atapita hapo kwanza.

Mchana huo Kirezi ndiye mtoto wa kwanza kukanyaga ngazi. Mama yake anashuka naye mpaka kwenye ngazi ya tatu ya kijani na kumshika kifundo kwa muda mrefu. Baadaye anamshika kiganja. Béatha anawafundisha mchezo ambao hajaupa jina: mtu mmoja anakaa ngazi ya chini akitazama maji, na wakati wowote akipenda anapiga kelele "Njano!", na wote wanakimbia mpaka msumarini. Wa mwisho ndiye anayekwenda kukaa zamu ya kutazama. Mchezo ni mwepesi, na Kirezi anamshinda fundi mara tatu mfululizo.

Siku ya umuganda, tarehe ishirini na nane, watu walikuja na majembe kama kawaida, na watoto wakaja nyuma yao. Révérien alihesabu familia ishirini na sita, akahesabu tena, akajikuna kichwa. Jiwe jekundu lilijengwa siku hiyo. Waliolibeba ni watu wawili, na aliyemwaga saruji ya kwanza chini yake ni Yasmina.

Senyenge bado iko ofisini. "Nangojea mvua ya Septemba," anasema Mudugudu. "Nitaona kama babaki ama bakimbie moja kwa moja." Béatha hamlaumu. Yeye pia anaingoja mvua hiyo, na anakiri anaiogopa.

Ana mipango. Anataka ngazi nyingine upande wa ng'ambo, na mtu wa kumsaidia kubeba mawe, kwa sababu goti limemwambia basi. Kabla ya hayo anataka kwenda Masaka alale siku mbili bila kuamshwa na pikipiki ya mtu.

Jua linaelekea kuzama, watu wameondoka. Amekaa kwenye njia, mabuti yamelala kando, kiganja kisicho na alama kiko juu ya jiwe jekundu lililopata joto la mchana.

"Mimi nimejenga kuta nyingi nikiomba zisimame," anasema. "Hili ninaliombea tofauti. Ninaomba likae kavu mpaka nife. Na kama itabidi lilowe siku moja, basi lilowe peke yake."